Antena ya redio ikipandishwa masafa hadi yafike ya mwanga, itawaka?

#1 Wimbi_Fupi (mleta uzi)

Wakuu, kuna swali linanikosesha usingizi, na kila ninayemuuliza ananijibu kwa mkato.

Tumefundishwa kwamba mawimbi ya redio na mwanga ni ndugu wa tumbo moja, kinachowatofautisha ni masafa tu. Maxwell alilifikia hilo kwa hesabu mwaka 1865, Hertz akaja kulithibitisha kwa cheche za umeme kati ya 1886 na 1888. Hapo sina ugomvi. Sasa nachukua antena ya dipoli, vijiti viwili. Nikiilisha megahezi 100 inatoa wimbi la mita 3, na redio ya FM inalinasa. Nikipanda hadi gigahezi 2.4 na kuikata antena ibaki kama sentimita 6, hiyo ni Wi-Fi. Sisimami hapo. Nazidi kupanda, nazidi kukata: gigahezi 60, terahezi 1 (mitikisiko trilioni moja kwa sekunde), terahezi 100. Nikifika terahezi 430, antena itaanza kutoa wekundu? Nikiongeza kidogo ije njano, kisha kijani, kisha karibu na 750 ije urujuani? Tena bila kuungua kama waya wa balbu.

Kama ndiyo, kwa nini taa zetu si antena? Kama hapana, ni wapi hasa Maxwell anakwama? Naomba mtu asinijibu "kwa sababu mwanga ni fotoni", yaani vipande vidogo vya nishati. Hilo nimelisikia mara nyingi na bado halijaniingia.

#2 Mpita_Njia

Yaani ruta ikipandishwa masafa naweza kuisomea kitabu? Navuta kiti, endeleeni.

#3 Koleo

Mkuu, haiwezekani, na sababu si falsafa, ni mkasi.

Antena ya nusu wimbi kwa mwanga wa kijani wenye wimbi la nanomita 550 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) ni nanomita 275. Unywele mmoja una unene wa kama nanomita 80,000, kwa hiyo ungezipanga antena zako karibu 300 kwenye upana wa unywele. Ukishazikata utazilehemu kwa kitu gani? Halafu kuna kebo. Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mitambo ya kurushia, na kila masafa yanapopanda kebo inakula nguvu zaidi. Kwenye gigahezi 10 tu, nikikosea kiunganishi kimoja nguvu nyingi inapotelea njiani. Kwenye terahezi 500 shaba hiyo hiyo itapitisha nini?

#4 Darubini

Koleo, mkasi upo. Ninafanya kazi kwenye chumba kisicho na vumbi, tunachonga dhahabu kwa miale ya elektroni, na kijiti cha nanomita 100 ni kazi ya kawaida kabisa. Antena za mwanga zinatengenezwa na zinapimwa. Mwaka 2005 zilichapishwa kwenye jarida la Science antena za dhahabu zenye mikono miwili na mwanya mdogo katikati, dipoli kama ile ya mleta uzi, zikiitika mwanga. Mwaka 2010 wengine wakatengeneza Yagi-Uda ya vijiti vitano vya dhahabu, sura ile ile ya antena ya televisheni inayowekwa juu ya paa, wakabandika chembe ya nukta kwanta (punje ndogo mno inayotoa mwanga) kwenye kijiti kinacholishwa, na mwanga wake, ulioko mpakani mwa wekundu na infraredi isiyoonekana kwa macho, ukaelekea upande mmoja badala ya kutawanyika.

Ila vipimo vya vitabu vya redio usivibebe kama vilivyo. Kwenye megahezi 100 elektroni za chuma hutii papo hapo, ndiyo maana tunasema chuma ni kioo kamili kwa mawimbi ya redio. Kwenye mwanga, elektroni zinaanza kuonyesha uzito wake. Zinasukumwa upande huu, na kabla hazijashika kasi zinaamriwa zirudi. Wimbi linapenya ndani ya dhahabu nanomita 20 au 30, na kijiti chenyewe kina unene wa karibu kiasi hicho, kwa hiyo wimbi limeingia kijiti kizima. Matokeo yake wimbi linalotembea kwenye kijiti linakuwa fupi kuliko lililoko hewani. Lukas Novotny aliandika kanuni ya ufupisho huo mwaka 2007. Kutegemea unene, antena yako itatoka theluthi moja ya urefu unaoutarajia, au pungufu.

Na ile safari yako kutoka wekundu hadi urujuani hutaimaliza kwa dhahabu. Chini ya nanomita 520 hivi dhahabu inameza mwanga yenyewe, na ndiyo sababu ina rangi ya njano tangu mwanzo. Kwa bluu utahitaji fedha au aluminiamu.

#5 Koleo

Soma ulichoandika, ndugu yangu. Antena "zinaitika" mwanga. Na ile Yagi, anayetoa mwanga ni nukta kwanta, dhahabu inaelekeza tu. Mleta uzi ameuliza kama antena inaweza KUTOA. Ukiweka tochi nyuma ya ungo wa setilaiti huwezi kuniambia ungo unatoa mwanga.

#6 BintiAtomu

Koleo, umegusa penyewe, lakini ukiifuata hoja yako utajikuta umekataa na antena za redio pia. Antena gani inatengeneza mawimbi yenyewe? Dipoli ya FM ni vijiti vya aluminiamu. Anayetikisa elektroni ni transmita, antena inaziachia tu nafasi ya kutikisika vizuri na kuachana na nishati kwenda hewani. Kwa hiyo swali la mleta uzi lina sehemu mbili, na watu wanazichanganya. Je, kuna kijiti kinachoweza kurusha mwanga? Darubini ameshajibu, kipo. Je, kuna kitu cha kutikisa elektroni za kijiti hicho mara trilioni 545 kwa sekunde, kwa mpangilio, kama transmita inavyofanya? Hapo ndipo penye kazi.

Tupige hesabu. Mzunguko mmoja wa mwanga wa kijani unachukua femtosekunde 1.8 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde). Katika muda huo mwanga wenyewe unasafiri maikromita 0.55 tu. Maana yake osileta yako nzima (sakiti inayozalisha mtikisiko), pamoja na transista, koili, kapasita na waya unaoziunganisha, lazima itoshee ndani ya sehemu ndogo ya umbali huo. La sivyo upande mmoja wa sakiti hautakuwa na habari kwamba upande wa pili umeshageuka, na kila waya wenye urefu wa kuonekana utakuwa antena kivyake, unavujisha kabla ya antena yenyewe. Halafu kapasita: kwa ukinzani wa omu 50, uwezo wa kuhifadhi chaji unaokubalika kwenye terahezi 545 ni kama attofaradi 6. Vyuma viwili vikikaribiana kidogo tu mmeshavuka kiwango hicho.

Transista za kasi kuliko zote zimefika kukuza mawimbi ya takriban terahezi 1. Kutoka hapo hadi kijani ni zaidi ya mara 500. Maxwell hajakwama popote, mleta uzi. Aliyekwama ni transista.

#7 Wimbi_Fupi

Dada, hapo umeniweka sawa. Ila bado naona kama tunasema "haiwezekani kwa transista" halafu tunaiita haiwezekani. Hakuna namna nyingine ya kutikisa elektroni?

#8 Kandili

Samahani kuingilia. Nimewahi kuona taa ya mrija ikiwaka yenyewe mikononi mwa mtu karibu na mnara wa redio, haijaunganishwa popote. Si ndiyo antena kutoa mwanga?

#9 Koleo

Hapana. Mawimbi yanachochea gesi iliyomo kwenye mrija, gesi ndiyo inayowaka. Na tafadhali msilijaribu, karibu na mnara wenye nguvu unaungua bila kugusa kitu.

#10 Mzee wa Valvu

Wanangu, nimesoma nikacheka kidogo, maana mabishano haya tuliyasikia wakati wa valvu, ile mirija ya kioo iliyotangulia transista.

Valvu ya trayodi ilikuwa na maradhi yale yale ya transista ya BintiAtomu. Elektroni inaruka kutoka kathodi kwenda anodi, na masafa yakipanda sana, ishara kwenye gridi (wavu wa katikati unaoziongoza elektroni) inageuka kabla elektroni haijafika. Watu wakazipunguza valvu, wakasogeza gridi karibu, wakapata kidogo, wakagonga ukuta. Waliovuka ukuta hawakutafuta swichi yenye kasi zaidi. Waliacha kuswichi. Kwenye mirija iitwayo klaistroni na magnetroni ule muda wa elektroni kusafiri, uliokuwa adui, ndio unaofanya kazi. Elektroni zinakimbia mbele ya matundu ya chuma, zinajikusanya mafungumafungu zenyewe, na mafungu hayo ndiyo yanayotikisa wimbi. Tanuri la mikrowevu linafanya hivyo kila siku kwenye gigahezi 2.45. Na kabla ya hayo yote, Jagadish Chandra Bose alishafika karibu gigahezi 60 kwa cheche katika miaka ya 1890, bila valvu wala transista.

Basi fanya hivyo hivyo kwa mwanga. Mwaka 1953 Smith na Purcell walipitisha miale ya elektroni ikiparaza juu ya bamba la chuma lenye mistari iliyochorwa karibu karibu, chini ya maikromita 2 kati ya mstari na mstari. Elektroni inapopita juu ya kila mstari, chaji za ndani ya chuma zinaifuata, zinapanda na kushuka kwa mdundo wa mistari. Wakaona mwanga kwa macho, na rangi yake inabadilika ukibadilisha pembe ya kutazamia. Niambie, Koleo, ile si antena? Chaji za chuma zinatikisika, wimbi linatoka, na hakuna atomu iliyochochewa.

Kuna kubwa zaidi. Ukipitisha elektroni zenye kasi inayokaribia ya mwanga katikati ya safu ya sumaku zinazopishana kaskazini na kusini, zinatikisika kulia na kushoto kama nyoka. Tuseme jozi moja ya sumaku ina urefu wa sentimita 3. Ungetarajia wimbi la sentimita 3, la mikrowevu. Lakini elektroni yenye nishati ya karibu elektronivolti milioni 90 (elektronivolti 1 ni nishati ya elektroni moja iliyosukumwa na volti 1) inaziona sumaku zimebanwa kama mara 170, kwa sababu ya mwendo wake. Kisha wimbi inalolirusha mbele linabanwa tena kama mara 350, kwa sababu elektroni inalikimbiza wimbi lake yenyewe. Zidisha: mara 60,000. Sentimita 3 imekuwa nanomita 500, kijani kinachoelekea bluu. Sumaku zikiwa na nguvu zaidi hesabu inasogea kidogo, lakini hiyo ndiyo kazi. John Madey ndiye aliyelifikisha wazo hili kwenye leza ya elektroni huru katika miaka ya 1970.

Na mwanga wa elektroni huru kwa jicho tupu ulishaonekana mwaka 1947, kwenye sinkrotroni (mashine ya kuzungusha elektroni kwa kasi) ya General Electric huko Schenectady, Marekani. Mrija wake ulikuwa wa kioo kinachopitisha mwanga, kwa hiyo mng'ao ukaonekana nje. Vyombo vingine vya wakati ule mrija wake ulikuwa umefunikwa, hakuna aliyeona kitu.

#11 Wimbi_Fupi

Shikamoo mzee. Hapo ndipo nilipokuwa napatafuta! Elektroni tupu, zinatikiswa, mwanga unatoka, na rangi unaichagua kwa kasi. Kwa hiyo jibu la swali langu la kwanza ni NDIYO.

#12 Mpita_Njia

Ndiyo, ila ruta yako itakuwa na ukubwa wa jengo.

#13 Mzee wa Valvu

Marahaba. Mpita_Njia hajakosea.

#14 Koleo

Nakubali kwa mzee, ile ni antena kwa haki zote. Lakini narudi kwenye dipoli ya mleta uzi, vijiti viwili mezani. Na lile suala la fotoni alilolipiga marufuku lazima lirudi. Redio inatoa mawimbi. Atomu inatoa fotoni moja moja. Hizo ni kazi mbili tofauti.

#15 BintiAtomu

Ni kazi moja, kinachotofautiana ni ukubwa wa chenji. Redio ya megahezi 100 yenye nguvu ya wati 1 inatoa fotoni kama 15 zikifuatiwa na sifuri 24 kila sekunde. Kila moja ni ndogo mno kiasi kwamba huwezi kuhesabu, unaona mtiririko tu, kama mchanga unaomiminwa kutoka mbali. Mwanga wa kijani wa wati 1 unatoa fotoni kama trilioni milioni 2.8 kwa sekunde, kila moja nzito, elektronivolti 2.25. Na kwenye joto la kawaida la chumba nishati ya mtikisiko ni kama elektronivolti 0.025, kwa hiyo fotoni ya redio inapotelea humo bila mtu kujua, ila fotoni ya kijani inatokeza mara 90.

Na atomu nayo ni antena, Koleo, tena antena mbovu. Atomu ya sodiamu, ile inayotoa mwanga wa njano wa nanomita 589, ina upana wa kama nanomita 0.4. Ni kama umechukua kijiti cha sentimita 20 ukataka kurushia stesheni ya AM yenye wimbi la mita 300. Wewe fundi unajua kitakachotokea: nguvu haitoki, inarudi. Ndivyo ilivyo kwa atomu. Inabaki na nishati yake kama nanosekunde 16, ambazo ni mizunguko milioni 8 ya mwanga wake, ndipo inafanikiwa kuiachia. Antena nzuri ingeiachia ndani ya mizunguko michache. Ndiyo maana watu kama Darubini wanabandika molekuli kwenye vijiti vya dhahabu. Wanampa mtoaji mbovu antena ya maana, naye anatoa haraka zaidi.

Hapo ndipo lilipo jibu la "kwa nini taa zetu si antena". Nyingi ni antena, ila za nanomita moja na pungufu, mabilioni kwa mabilioni, kila moja inapiga kivyake. Hata balbu ya waya wa tangisteni. Kwenye kelvini 2,700 elektroni za waya zinatikiswa na joto bila mpangilio wowote, na kila mtikisiko unarusha wimbi. Ile sauti ya "shhh" kwenye redio isiyo na stesheni, sehemu yake inatokana na elektroni za ndani ya vipokezi vyenyewe zikitikiswa na joto, jambo lililopimwa na Johnson na kuelezwa na Nyquist mwaka 1928. Balbu ni "shhh" hiyo hiyo ikiwa na moto wa kutosha kufika kwenye masafa ya macho. Tena inafika kwa shida, kilele chake kiko karibu nanomita 1,070, infraredi, na sehemu ndogo tu ndiyo tunayoiona.

#16 Kandili

Sijawahi kuifikiria balbu kama redio isiyo na stesheni. Sasa sitaweza kuacha.

#17 Darubini

Koleo alitaka vijiti viwili mezani. Ninavyo.

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1976 Lambe na McCarthy walichukua vyuma viwili vikiwa vimetenganishwa na utando mwembamba mno wa oksaidi, wakaweka volti chache za umeme wa kawaida wa betri. Utando ukatoa mwanga. Hakuna osileta, hakuna terahezi popote kwenye sakiti. Kinachotokea ni kwamba elektroni zinapenya utando moja moja, kwa kubahatisha, na mkondo unaopita kwa kubahatisha una kelele ndani yake, yaani unayumbayumba bila mpangilio, na kelele hiyo inafika hadi masafa ya mwanga. Chuma kilicho jirani kinaichukua ile kelele na kuirusha. Na BintiAtomu atapenda hili: ukiweka volti 1.8 hutapata kijani hata ukikesha. Elektroni moja ina elektronivolti 1.8 za kutoa, fotoni ya kijani inadai 2.25. Utapata wekundu na kurudi chini. Fotoni zimejitokeza zenyewe, hatukuziita.

Sasa vijiti. Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, mwaka 2015 walitengeneza antena ya dhahabu yenye mwanya wa kama nanomita 1, wakaunganisha waya kila upande na kuweka volti. Antena ikatoa mwanga, na rangi iliyotawala ilifuata umbo na vipimo vya antena, sawasawa na redio. Mwaka 2020 kutoka huko huko ikaja Yagi-Uda inayolishwa kwa umeme moja kwa moja, bila nukta kwanta, na mwanga unaelekea mbele. Koleo, hapo hakuna tochi nyuma ya ungo.

Kasoro zake nitazitaja mwenyewe kabla hamjanisuta. Zaidi ya elektroni elfu moja hupita bila kutoa fotoni hata moja, zinapoteza nishati kwa joto. Na mwanya wa nanomita 1 hauishi raha, atomu za dhahabu zinahama ukizidisha mkondo, unakuta asubuhi mwanya umeziba. Nimezika vifaa vingi kwa ugonjwa huo.

#18 Koleo

Hiyo nimeikubali. Hata utengenezaji nimeuelewa, ni sawa na zile cheche za Hertz: mwanya, volti, na vijiti vinavyochagua masafa.

#19 Mzee wa Valvu

Umesema vizuri kuliko sisi wote.

#20 Koleo

Ila sijamaliza. Cheche ya Hertz ilikuwa kelele, na redio za cheche zilikufa kwa sababu hiyo. Transmita ya kweli inatoa wimbi moja safi, naijua fase yake (wimbi limefika wapi katika mtikisiko wake), naweza kupanga antena mia na kuchelewesha kila moja kidogo, mwale ukageuka bila mnara kugeuka. Hiyo ya Würzburg haiwezi. Nionyesheni wimbi safi la mwanga linalolishwa kwenye antena kwa mpangilio wa fase, ndipo nitafunga mdomo.

#21 BintiAtomu

Wimbi safi ni leza. Leza ni osileta kwa maana ile ile unayoijua wewe, amplifaya iliyorudishiwa sauti yake mwenyewe hadi ikaanza kulia. Tofauti ni kwamba anayekuza ni atomu badala ya transista. Walianza na mikrowevu mwaka 1954, wakafika kwenye mwanga mwaka 1960.

Na kebo yako ya shaba, itupe. Kwenye masafa haya kebo ni ujia mwembamba wa silikoni juu ya chipu, mwanga unapita ndani yake kama maji kwenye mfereji. Mwaka 2013 watu wa chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza chipu yenye antena 64 kwa 64, jumla 4,096, zote zinalishwa na leza moja kupitia mifereji hiyo, kila moja ikiwa na fase iliyopangwa. Ilifanya kazi kwenye nanomita 1,550, infraredi, kwa sababu silikoni inameza mwanga unaoonekana. Ukitaka uuone kwa macho unabadilisha silikoni uweke nitridi ya silikoni, hiyo inapitisha rangi.

#22 Koleo

Nimefunga mdomo.

#23 Mpita_Njia

Iandikwe tarehe.

#24 Jua_Kali

Wakuu, mnavyoongea kutoa, na kupokea je? Tungeweka hizi dipoli juani, tukaweka diodi (mlango wa umeme wa njia moja), si tungepata umeme bila paneli?

#25 Darubini

Wazo ni la Robert Bailey, mwaka 1972. Mwaka 2015 watu wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walilifanikisha kwa mwanga, wakitumia nanotyubu za kaboni kama antena na diodi kwenye ncha, lakini kiasi cha nishati kilichogeuka umeme ni kidogo mno, mbali kabisa na asilimia 1. Tatizo ni lile lile la attofaradi, limehamia kwenye diodi.

#26 Mzee wa Valvu

Kwa upande wa kupokea kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1972 kundi la Kenneth Evenson kule Boulder, Colorado, lilitaka kupima masafa ya leza ya infraredi, terahezi 88, kwa kuhesabu mizunguko, si kwa kupima urefu wa wimbi. Kipokezi chao kilikuwa unywele wa tangisteni wenye ncha kali, umegusishwa juu ya nikeli. Basi. Unywele huo ndio antena, na mguso wake ndio diodi. Wakazidisha masafa hayo na urefu wa wimbi wakapata kasi ya mwanga kwa usahihi ambao haukuwahi kupatikana kabla, na mwaka 1983 mita yenyewe ikafafanuliwa upya kwa kasi hiyo, mita 299,792,458 kwa sekunde. Kumbuka hilo ukiona mtu anadharau waya uliochongoka.

#27 Wimbi_Fupi

Nimeshiba. Nimebakiwa na moja la kitoto. Tuseme ninayo ile dipoli yangu kamili, moja tu lakini yenye nguvu, inawaka kijani mezani. Nikiizunguka nitaona nini?

#28 BintiAtomu

Si la kitoto. Ukiitazama ubavuni utaona kijani kikali. Ukisogea taratibu kuelekea ncha itafifia, na ukiitazama kwa ncha kabisa utaona giza, maana dipoli hairushi kwa upande wa mhimili wake. Balbu haifanyi hivyo kwa sababu antena zake zimeelekea kila upande. Halafu ukivaa miwani ile inayochuja mng'ao wa majini, ukainamisha kichwa taratibu, kuna pembe ambayo taa itazimika ukiwa umesimama ubavuni kwake. Wimbi lake linatikisika kwa mwelekeo wa kijiti peke yake.

#29 Koleo

Na akiirushia stesheni ya FM? Rangi itabadilika na muziki?

#30 BintiAtomu

FM ya redio inayumbisha masafa kilohezi 75 kila upande. Kwenye terahezi 545 hiyo ni sehemu moja katika bilioni 7. Jicho haliwezi kuliona hilo, kijani kitabaki kijani.

#31 Mpita_Njia

AM je? Angalau ikonyeze?

#32 Mzee wa Valvu

Ingekonyeza maelfu ya mara kwa sekunde, jicho lisingeshtuka. Lakini kipokezi kingesikia. Alexander Graham Bell alilifanya hilo mwaka 1880, miaka kadhaa kabla ya Hertz. Alizungumza nyuma ya kioo chembamba kinachoakisi jua, sauti ikakitikisa, mwanga ukapungua na kuongezeka kufuata maneno, na upande wa pili kipande cha seleniamu kikayarudisha maneno kuwa sauti. Redio yake ya kwanza isiyo na waya ilikuwa ya terahezi, na transmita yake ilikuwa jua.